Stika ya Penhallow

Jumatatu, 2 Machi

Theluji tena! Nimetoka na beleshi alfajiri, nimesafisha njia ya gari mpaka kiuno kikagoma, nikaingia ndani kunywa kahawa yangu. Nachungulia dirishani, nani yule? Stumpf. Katoka na mashine yake ya kurushia theluji, anairusha yote upande wangu huku anapiga mluzi. Njia yangu imejaa kama sikuigusa. Akaniona, akanipungia mkono. Eti jirani mwema!

Lakini kinachonichoma si theluji. Ni stika. Tangu Januari pikapu yake inalala makalio yameelekea jiko langu, na kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi za dhahabu: CHUO CHA RAVENSWORTH. Mwanawe, Conrad, kakubaliwa mapema. Conrad! Mtoto aliyewahi kulamba nguzo ya bendera ya shule wakati wa baridi, ulimi ukaganda pale, wakaitwa wazima moto! Nikikoroga kahawa naisoma stika. Nikiosha sahani naisoma.

Hapa Tamarack mzazi hatangazi mtoto wake kaingia chuo gani. Atachekwa. Anabandika stika kwenye kioo cha gari, kisha anakwenda dukani kununua mayai hata kama mayai yamejaa nyumbani. Kioo changu kitupu. Najua wanaonifuata kwenye taa nyekundu wanafikiria nini.

Subiri tu, Stumpf. Binti yangu Britta ameomba Penhallow, kule Mashariki, chuo ambacho hata Ravensworth wenyewe wanakiheshimu. Nilimsimamia akijaza maombi. Majibu yatatoka tarehe 26. Yeye, kwa akili zake za miaka kumi na minane, anataka Brule Point, chuo cha jimbo, mwendo wa saa tatu kaskazini, ufukweni mwa ziwa kubwa. Anataka kusomea ziwa. Barafu na matope! Matope tunayo bure, yanaingia na viatu kila siku.

Wameshampa nafasi tangu Desemba. Inabidi awajibu karibuni, naye anasema hatawajibu mpaka mimi nikione hicho chuo kwa macho yangu. Siku ya wazazi ni Jumamosi, tarehe 28. Ameniomba nimpeleke, maana mama yake ni muuguzi na huwa kazini Jumamosi. Nimemwambia ndiyo, ndiyo. Tutaona. Tarehe 26 inatangulia.

Jumanne, 3 Machi

Siku ya jino. Daktari wa meno hapa mjini ni mmoja tu, naye ni nani? Stumpf! Haki iko wapi?

Kanilaza kwenye kile kiti, kanijaza pamba na bomba la kufyonza mate, ndipo akaanza. Conrad wamemwandikia barua. Conrad atapewa chumba chenye dirisha la kutazama mto. Conrad hajui achukue mchezo wa makasia au uandishi. Kisha akaniuliza, na sindano iko mdomoni mwangu, na Britta je, bado tunasubiri? Nikasema, "Aaagh." Akasema vizuri, subira ni jambo jema.

Nililipa na kuondoka na mdomo upande. Mate yananitoka, hasira zinanitoka. Nikiwa ndani ya gari, kabla ganzi haijaisha, nimeagiza stika kwenye duka la Penhallow la mtandaoni. Kubwa kuliko zote walizonazo. Nimelipia iletwe haraka.

Ijumaa, 6 Machi

Imefika! Bluu nzito, ngao, simba mwenye kitabu. Nimebandika mwenyewe bandani, nimeisugua kwa kitambaa ikalala bila kiputo hata kimoja. Mimi nauza mazulia, kazi ya kulaza vitu chini vikakaa naijua.

Je, ni uongo? Si uongo. Ni matumaini yenye gundi. Mtu akinunua kitanda cha mtoto kabla mtoto hajazaliwa, anaitwa mwongo?

Jioni tumekwenda kanisani kula samaki wa Kwaresima kule ukumbi wa chini, kama kila Ijumaa. Nikachelewa makusudi. Nikaegesha kinyumenyume mbele kabisa ya mlango, taa za nyuma zinawaka. Kila aliyeingia alipita pale. Nikachukua sahani yangu, nikakaa, nikasubiri.

Haikuchukua muda. Arvid Lindqvist, mwenyekiti wa Klabu ya Barafu, alikuja kunipiga bega karibu niteme mwiba. Penhallow! Vern, ndugu yangu, ulikuwa umenyamaza tu! Mimi nilisema nini? Sikusema kakubaliwa. Nilisema haturuhusiwi kuzungumza bado. Nikatazama chini, kwa unyenyekevu. Meza ya pili Stumpf akaweka uma chini. Uma, chini! Samaki wa leo alikuwa mtamu kuliko wote niliokula tangu nizaliwe.

Kasoro moja tu. Britta alikuwa anagawa saladi ya kabichi na vijana wenzake, na kila mtu akawa anampongeza. Akageuka mwekundu kama bitiruti. Akaja mezani kwetu, akaniinamia sikioni, akasema Baba, tafadhali, kitoe kile kitu. Nikamwambia asione aibu, amerithi haya ya mama yake. Akasema tena kuhusu tarehe 28. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, na nikanyoosha shingo kuona kama Stumpf amemaliza chakula. Hakumaliza!

Jumapili, 8 Machi

Marlys, mke wangu, hana ucheshi. Amesema ama stika inatoka leo, ama mimi. Nimemweleza habari ya kitanda cha mtoto. Amesema kitanda cha mtoto hununuliwa na mtu aliyeona tumbo.

Basi nikatoka kuibandua. Baridi ya kukata masikio. Nikajaribu kucha, kucha ikavunjika. Nikajaribu kikwanguo cha barafu, nacho kikavunjika. Gundi ya Penhallow si ya mchezo, nikaona fahari kidogo. Nikarudi jikoni, nikachemsha birika la maji.

Najua! Kila mtoto wa jimbo hili anajua kwamba maji moto na kioo kilichoganda havikutani. Nimemwambia Britta mara mia. Lakini Stumpf alikuwa katoka kumtembeza mbwa, anakuja upande wangu, sikutaka anikute nikibandua. Nikamwaga birika lote kwa mpigo.

Mlio ule! Kioo kizima kimepasuka vipande vidogovidogo kama chumvi ya mawe, lakini hakikuanguka. Kimeshikiliwa. Na nini? Na stika! Yenyewe haina hata mkunjo. Stumpf akasimama, mbwa akasimama. Stumpf akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia naosha gari. Akatazama kipimajoto kilicho ukutani kwangu, akasema sawa, jirani.

Jumatatu, 9 Machi

Fundi ameniambia kioo kipya kitagharimu kuliko gari lenyewe. Amelizunguka, amelipiga teke kidogo, amesikiliza, amevua kofia. Nimechukia. Gari lile limetuhudumia. Ni kweli joto lake linafika kwenye mguu wa kushoto wa abiria tu, lakini linafika.

Ndipo likanijia wazo. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe!

Kila mwaka Klabu ya Barafu inatoa injini na mafuta kwenye gari kuukuu, inaliburuta mpaka katikati ya ziwa, inalifunga mnyororo, na mji mzima unabahatisha siku litakayozama barafu ikiyeyuka. Aliyekaribia zaidi anapata nusu ng'ombe, amekatwa, amefungwa tayari kwa friza. Kisha wanalivuta kwa mnyororo na kulitupa. Mwaka huu ziwa bado halina gari. Shemeji yake Arvid aliahidi lake, dakika ya mwisho akasema amelipenda upya. Watu wananung'unika mji mzima.

Nikampigia Arvid. Karibu alie kwenye simu. Gari linazama, kioo kinazama, stika inazama na siri yake, na mimi naitwa mfadhili! Wamelichukua mchana huohuo.

Marlys aliporudi kazini aliuliza gari liko wapi. Nikamweleza. Alikaa kwenye ngazi na koti lake. Akauliza, na tarehe 28 utampeleka mtoto Brule Point na nini, mgongoni? Nikamwambia kabla ya hapo nitakuwa nimenunua jingine. Muda upo tele. Wanawake wanapenda kujitisha.

Jumamosi, 14 Machi

Nimesalitiwa.

Mji mzima ulikuwa ufukweni, kakao moto, soseji, bendi ya shule midomo imeganda kwenye tarumbeta. Wakaliburuta gari juu ya sileji, kile chombo cha kutelezea barafuni. Nilikuwa nimemwomba Arvid, kwa upole, alielekeze makalio kwa msitu. Akasema ndiyo, ndiyo, na kichwa chake kilikuwa kwingine kabisa. Siwezi kuvumilia watu wasiosikiliza! Wakalishusha. Likajizungusha lenyewe polepole juu ya barafu, likasimama. Pua kwa msitu. Makalio kwa mji.

Stika inaonekana kutoka dukani kwangu. Inaonekana kutoka benki na kutoka mlango wa kanisa. Arvid akanivuta pembeni na kunipa siri kwa furaha kubwa: ameona kioo kimepasuka, basi amekifunika chote kwa plastiki ngumu isiyopitisha maji, ili stika ya binti yangu isiharibike. Na klabu imeweka taa kubwa imulike jioni. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Britta alisimama kando yangu muda mrefu. Akasema barafu bado nene, litakaa pale wiki mbili au zaidi. Alikuwa ameishapima na kijiti chake, anapima kila Jumamosi. Nikamuuliza haiwezekani kuiharakisha? Akakipangusa kijiti, akakwenda zake.

Jumatano, 18 Machi

Gazeti la wiki limetoka. Ukurasa wa mbele, picha ya gari, na simba wa Penhallow anaonekana hadi kucha! Chini wameandika kwamba gari limetolewa na familia ya Hultgren, ndio sisi, ambao binti yao anaelekea Penhallow. Nani aliwaambia? Mimi nilisema tu haturuhusiwi kuzungumza.

Britta ametoka shuleni bila kula. Mwalimu mkuu amemtaja kwenye vipaza sauti. Ameniomba niwapigie gazeti simu wasahihishe. Nikamwambia ya nini, wiki ijayo itakuwa kweli. Akasema, "Haitakuwa, Baba." Nimemwambia ajiamini. Mtoto huyu hajiamini hata kidogo, sijui tabia hii kaitoa wapi.

Ijumaa, 20 Machi

Nimefukuzwa kwenye shindano. Mimi, mfadhili!

Mpango ulikuwa mwepesi. Saa ya chakula cha mchana watu wako ndani. Nitatembea kwenye barafu na ndoo, nitachota theluji, nitaipaka juu ya kioo, nitaimwagia maji, igande. Mtu wa mbali ataona theluji tu. Nikafika. Nikapaka upande mmoja. Nikasikia kitu kinanguruma nyuma yangu, ni pikipiki ya theluji, na juu yake Arvid, uso umevimba.

Kumbe tiketi zikishaanza kuuzwa, mwenye kuligusa gari anahesabiwa ameingilia shindano. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema nasafisha. Akasema Vern, unasafisha gari linalosubiri kuzama? Nikasema usafi ni usafi. Akatazama ndoo. Akasema watu watadhani naongeza uzito ili lizame siku niliyoiandika kwenye tiketi. Nikaapa. Ikabidi anirudishe ufukweni nimekaa nyuma yake nimemkumbatia kiunoni, na kwenye dirisha la zahanati ya meno nani kasimama na mswaki wake wa maonyesho? Simtaji.

Tiketi yangu imefutwa. Arvid kaifuta theluji kwa shati lake mwenyewe, kioo kinang'aa kuliko mwanzo.

Alhamisi, 26 Machi

Siku yenyewe! Majibu yalikuwa yanatoka saa kumi na moja jioni. Nimefunga duka mapema. Nimenunua keki ya bluu. Nimekaa mezani, kompyuta iko wazi, koti la sherehe mwilini.

Britta akaingia na viatu vya kutelezea mabegani. Nikamwambia fungua! Akasema Baba, hakuna cha kufungua. Nikacheka, nikamwambia fungua basi. Akasema hakuna kitu. Akaniangalia kama anataka kusema jambo kubwa, akaanza, Baba, sikiliza, na wakati huohuo Stumpf akawasha taa ya kibarazani kwake! Saa hiyo! Kwa nini awashe taa saa hiyo kama hanipelelezi? Nikakimbilia dirishani. Nilipogeuka Britta ameshakwenda zake kuteleza.

Nimefikiri sana. Ameshaona, amekubaliwa, anataka kunishtua Jumamosi njiani. Msichana mjanja! Nimejizuia nisile keki. Nimekula kidogo.

Ijumaa, 27 Machi

Sina gari.

Nilisahau! Mtu mwenye mambo mengi kichwani asamehewe. Marlys anaondoka na kigari chake alfajiri kwenda hospitali, na Brule Point ni kesho. Nikaanza kupiga simu. Anayekodisha magari hana, yote yamechukuliwa na waliokwenda kuteleza milimani. Mpwa wangu amelaza lake kwenye rundo la theluji. Nikamwambia Britta labda tuache, chuo chenyewe ni cha matope tu, na hata hivyo Penhallow...

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja ile sweta aliyokuwa ameipiga pasi kwa ajili ya kesho, akairudisha kabatini, akafunga mlango taratibu. Nilisimama kwenye korido sijui mikono niiweke wapi. Nilijisikia vibaya. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Marlys alinipita pale koridoni. Alivaa koti, akavuka theluji mpaka ng'ambo, akagonga kwa Stumpf. Nilimwona kwa dirisha. Nilimwona Stumpf akitikisa kichwa kukubali kabla hata Marlys hajamaliza kuongea. Ni aibu gani hii?

Jumamosi, 28 Machi

Nimesafiri kwa muda wa saa tatu kwenye pikapu ya Stumpf. Kiti cha nyuma, pamoja na Britta. Mbele wamekaa Stumpf na Conrad, miguu mirefu imejaa kila mahali. Jua likawaka nyuma yetu, na ile stika, ile stika yenyewe, ikanitupia kivuli chake mapajani, kinyumenyume: HTROWSNEVAR. Njia nzima! Nikiweka kofia juu, inapanda kofiani.

Stumpf kaleta sandwichi za soseji, amenipa kubwa. Amekataa fedha ya mafuta. Anafanya makusudi.

Mvua ikaanza kunyunyiza, mvua ya kwanza tangu Novemba. Tulipopita daraja nikaona wakati umefika. Nikasema kwa sauti ya kawaida tu, eti Penhallow nasikia nao wana chumba kinachotazama mto. Nikasema, Britta, waambie basi, usiwanyime watu furaha. Conrad akaongeza sauti ya redio. Stumpf akaizima. Walikuwa wanajua! Wote walikuwa wanajua!

Britta akasema, "Baba, Penhallow niliondoa maombi Januari. Nilikuambia."

Nikamwambia hajaniambia. Jambo kama hilo ningelisikia. Akasema alinieleza Jumapili asubuhi, jikoni, mama akikaanga chapati za maziwa. Alinieleza kila kitu, kwamba haendi Mashariki, kwamba anataka ziwa, kwamba aliogopa nitakasirika na alikuwa amekesha akijipanga maneno. Nikamuuliza, mimi nikasemaje?

"Ulisema, 'Sawa, mwanangu, vizuri sana.' Ulikuwa dirishani."

Sikuuliza nilikuwa natazama nini. Nakumbuka Jumapili ile. Stumpf alikuwa nje na kitambaa, anasugua stika isiwe na viputo.

Nilivua kofia, nikaikunja mapajani mpaka tulipofika.

Brule Point haina kuta zenye mimea inayotambaa. Ina majengo ya matofali, bati, na mashua zilizopanguswa na kuinuliwa kwa majira ya baridi. Upepo unakutoa machozi kabla hujafungua mlango. Walitupatia viatu vyenye meno, wakatupeleka juu ya barafu. Mwalimu mmoja mama, kavaa nguo ya rangi ya chungwa, akauliza nani anataka kutoboa. Britta alishakuwa ameishika keekee. Akatoboa, akashusha bomba refu, akavuta, akalala kifudifudi, akavuta tena, likatoka limejaa matope yenye mistari, mstari mmoja juu ya mwingine. Yule mama akaanza kueleza, Britta akammalizia sentensi. Wakacheka wote wawili. Kisha Britta akageuka kunitafuta mimi kwenye kundi, akainua lile bomba juu ili nilione.

Sijaona uso ule tangu alipokuwa hana meno ya mbele. Nililia. Watu walikuwa wanalia kwa upepo, mimi nililia kweli. Nikamwinulia mkono. Nilitaka kumwambia kwamba nimeona, kwamba yale matope ni mazuri, kwamba mimi ni mjinga. Nilisema, "Usipate baridi!" Akacheka, akasema sawa Baba. Nadhani alielewa. Jibu lao amewapa pale pale, mbele yangu.

Wakati wa kurudi Arvid akapiga simu. Mvua imelegeza barafu, gari limezama mchana, likaenda pua mbele, na kitu cha mwisho kuonekana juu ya maji ni simba wa Penhallow. Watu walipiga makofi. Nikauliza nani kashinda nusu ng'ombe.

Simu ya Stumpf ikalia.

Jumapili, 29 Machi

Stumpf ameleta mfuko wa nyama mlangoni. Anasema gari lilikuwa langu, basi ni haki tugawane. Mbavu, kwa hakika, mbavu nzuri. Mtu huyu ananidhalilisha bila huruma. Tumezichoma.

Nimekuwa nikifikiri. Nimekuwa nikichukulia mambo kwa pupa. Nimejifunza somo kubwa kuhusu kusikiliza. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine, nimemwambia Marlys. Marlys ameomba nimpe chumvi.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimenunua gari, limetumika kidogo tu, joto linafika miguu yote miwili. Na nyuma, kioo kizima, stika ya Brule Point, bluu na samaki mmoja mkubwa anaruka. Nyuma sioni kitu, lakini kuona nyuma kuna faida gani? Nimeshakwenda kununua mayai mara tatu. Watu wanaanza kuuliza. Nawaambia mimi tangu zamani nilikuwa mtu wa Brule Point, hivi vyuo vya Mashariki ni majina tu.

Nimeegesha makalio yakielekea jiko la Stumpf. Nikaenda kukaa kwangu, dirishani, kahawa mkononi, kumsubiri aione.

Akatoka. Na ndoo! Na kikwanguo! Akaanza kubandua Ravensworth, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu, fundi kabisa, ikatoka nzima. Nikamwita Marlys aje aone. Marlys akasema hajui kama nimesikia, Conrad kabadili mawazo. Siku ile kwenye barafu na yeye alikipenda chuo. Ameomba Brule Point, na wamempokea.

Wamemwiga binti yangu! Mchana kweupe! Tumewachukua kwenye gari lao wenyewe, tumewaonyesha ziwa letu, na sasa wanatunyang'anya! Stumpf akaingia ndani, akatoka na bahasha, akaanza kulaza stika mpya kwenye kioo. Nikasogea karibu na dirisha nione ukubwa wake.

Britta akaingia jikoni wakati huo. Amesimama nyuma yangu na karatasi mkononi, anasema jambo kuhusu Mei, mahafali, amechaguliwa yeye, jukwaani, maneno ameyaandika mwenyewe na mengine yananihusu mimi, na kama nitakaa mbele ambapo ataniona.

"Sawa, mwanangu," nikamwambia, "vizuri sana."

Kioo kilikuwa kimeshika mvuke wa pumzi yangu. Nikakifuta kwa mkono wa sweta, nikatazama vizuri. Yake ina samaki wawili!